Jumanne za Rafiki Yangu kwenye Kioo cha Serikali

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada, ila kabla ya yote tafuta kiti ukae, kwa sababu mimi nikianza kueleza jambo sijui kulikata katikati, hata wateja wangu wanajua, mtu anakuja kuchukua gauni lake saa nne anaondoka saa sita.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, lakini usinidharau, mwandiko wangu unauona mwenyewe ulivyonyooka. Nina chumba cha mbele kinachotazama barabara, cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, na sare za shule tatu za hapa kwetu zinapita mikononi mwangu kila shule zinapofunguliwa. Huu ni mwaka wa ishirini na sita napima watu. Nina daftari la vipimo ambalo nalifungia kwenye droo ya cherehani na ufunguo wake nauvaa shingoni, kwa sababu fundi anajua mambo, mshauri. Nimejua mimba kabla mwenye mke hajaambiwa, nimejua nani anakonda kwa mawazo na nani ananenepa kwa raha, na kuna bwana mmoja mkubwa sana ambaye makoti yake yote nayatilia sponji begani kwa sababu bega lake la kushoto limeanguka, na mke wake wa sasa hajui. Hata siku moja kipimo cha mtu hakijatoka mdomoni mwangu. Wanawake wanaacha mafundi wa mitaa yao wanakuja kwangu kwa sababu hiyo, na kwa sababu pindo langu halifumuki.

Sasa, nina binti. Huyu ni kifungua mimba wangu, na nikikuambia ana akili si kwa sababu ni wangu, alianza kusoma vibao vya maduka akiwa bado mgongoni, watu walikuwa wanageuka. Mwaka jana akapata kazi serikalini. Unazijua zile nguzo walizosimamisha mjini zenye kamera juu, kama ndege amekaa? Basi picha zote zinakwenda kwenye chumba kimoja, na ndani ya chumba hicho amekaa mwanangu. Ana kitambulisho cha kuning'iniza, ana kiti cha kuzunguka, na ubaridi wa humo ndani ni wa mashine hata nikamshonea koti la kitambaa kizito lenye mifuko minne. Ukuta mzima ni vioo, kila kioo kina barabara yake.

Mimi nina udadisi, sikatai. Kila akija Jumapili namuuliza mpaka chakula kinapoa.

"Mnasikia watu wanavyosema?"

"Hatusikii, mama. Tunaona tu."

"Sasa mtajuaje kama watu wanagombana au wanataniana?"

"Mabega," akasema. "Mtu akitaka kupiga, mabega yanatangulia."

Mabega, mshauri. Nikasema huyu kweli ni mtoto wa fundi.

Na kazi yao ni nzuri, mtu asije akakudanganya. Kuna mzee mmoja wa nyuma ya soko ambaye kumbukumbu zimemtoka, alitoka kwao na pajama akapotea, familia nzima inalia, mwanangu akamwona kwenye kioo amekaa kituo cha basi mwisho wa mji, hata saa moja haikupita wakamrudisha. Nilitembea nyumba kwa nyumba kuitangaza habari hiyo. Ndipo akina mama wa mtaa wakaanza kuniita Mama Kamera. Nikiingia mahali wanasema, "Kaeni vizuri jamani, Mama Kamera kafika," na mimi nacheka nao, nilikuwa nalipenda jina.

Siku moja natoka dukani simu ikalia, ni yeye: "Mama, umevaa kandambili za watu wawili." Nikaangalia miguu, kweli, moja ya bluu moja nyekundu. Nilicheka barabarani peke yangu mpaka muuza matunda akaniuliza kama niko salama. Tangu siku hiyo kila asubuhi nikipita kwenye ile nguzo ya kona nilikuwa nainyooshea mkono nasalimia, na nguo za kutokea nikawa nachagua. Nilijiona nimeshikwa mkono na mtoto wangu kutoka mbali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nina rafiki. Ana duka la vifungo, zipu na nyuzi, hatua hamsini kutoka kwangu, tumefahamiana tangu mimi nikiwa na cherehani moja. Ni mjane, mwanawe mmoja yuko nchi ya mbali. Ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama cha misiba na harusi, na ana maneno machache yenye uzito, akisema jambo mmelimaliza. Ila alikuwa na tabia ya kusahau miwani. Simu yake ikiingia ujumbe ananipa: "Nisomee, miwani nimeiacha." Taarifa za kikundi pia ananipa mimi: "Soma wewe, una sauti nzuri." Na kweli ninayo. Miaka kumi na moja nimemsomea.

Kila Jumanne mchana alikuwa anakuja kwangu, analeta vifungo nilivyoagiza, tunakunywa chai, tunazungumza watu. Miezi kama sita iliyopita akaacha kuja. Saa tisa anafunga duka, anabeba mfuko, anaondoka. Namuuliza, ananijibu, "Nina shughuli." Shughuli gani, Jumanne tu? Niliumia, mshauri, na pamoja na kuumia nikawa nataka kujua, mpaka sindano ikanichoma kidole kwa kuangalia nje.

Nikamwambia binti yangu. Akakataa. Nakuandikia hilo ili ujue nilimlea vizuri.

"Mama, ile si kazi yangu. Sisi tunatafuta wezi na ajali."

"Na kama ana shida? Kama amepata mganga anamla? Kama kuna mwanamume?"

"Basi muulize."

"Nimemuuliza. Mimi ni mama yako au ni mpita njia?"

Mimi nikanyamaza, ule unyamavu wetu akina mama unaoujua. Baada ya wiki mbili akanipigia, sauti chini: "Anashuka kituo cha tatu, anavuka, anaingia kwenye mlango wa kijani. Jumanne nne zote, saa tisa na nusu mpaka kumi na moja." Nikamuuliza nne amezijuaje na yeye ameangalia mara moja. Akasema picha zinakaa siku thelathini, unaweza kurudi nyuma. Nikastaajabu. Nikamwambia basi soma mlangoni pameandikwa nini. Akaivuta picha karibu, akanisomea: Kisomo cha Watu Wazima.

Mshauri, nilikaa chini. Miwani. Miaka kumi na moja ya miwani. Mwanamke yule hajui kusoma, mume wake alikuwa anamsomea, na mume alipofariki nikamrithi mimi bila kujua.

Na naapa kwako moyo wangu ulijaa sifa kwa ajili yake, maana fikiria umri ule, na duka, na magoti yanayomsumbua, anakwenda kukaa kwenye dawati. Nilitaka kila mtu ajue nina rafiki wa namna gani. Alhamisi ikafika, kikundi tukakutana nyumbani kwake, wanawake kumi na wanne, na mimi kabla sijasoma taarifa nikasimama nikasema, "Kwanza tumpongeze mwenyekiti wetu, ameanza kisomo, karibu atasoma taarifa mwenyewe," nikapiga makofi. Wachache wakanifuata, halafu makofi yakaisha yenyewe.

Yeye aliweka kikombe chini taratibu, akatafuta kandambili yake kwa mguu, hakuipata, akaingia chumbani hivyo hivyo na mguu mmoja. Mkutano ukaisha.

Kesho yake akaja kwangu. Hakuja kunigombeza, na hilo ndilo linalonimaliza. Alikuja kuniuliza nani ameniambia, kwa sababu hakuna aliyejua, hata mwanawe. Nikaona akilini uso wa binti yangu. Nikasema, "Nilisikia tu watu wakisema." Akasema, "Watu gani?" Nikasema, "Watu wa huko huko."

Huko huko maana yake mwalimu. Mwalimu ni mama mstaafu, alikuwa anafundisha watoto wadogo, sasa anafundisha watu wazima wanane bila malipo, na siku ya kwanza aliwaahidi kwamba atakayeingia mlango ule hatatajwa nje yake. Rafiki yangu akatoka kwangu akaenda kwa kamati ya kituo cha kisomo akasema mwalimu ametoa siri. Habari zikawafikia wanafunzi wenzake, kati ya wanane sasa wanakuja watatu, na yeye mwenyewe ameacha. Kamati inakaa Jumamosi. Wamemwambia mwalimu aje na ufunguo wa darasa, na kila mtu anajua kwa nini mtu anaambiwa aje na ufunguo.

Rafiki yangu bado anakuja kwangu, anakaa kwenye kile kiti cha wateja, analia, na mimi ndiye ninayempa leso. Juzi ndipo akaniambia kwa nini alianza. Alisema mwanawe anamwandikia, na maisha yake yote hakuna neno lililomfikia bila kupita kwa mtu mwingine kwanza. Alisema, "Nilitaka siku moja nipate ujumbe ambao nimeusoma mimi tu." Nilijisikia vibaya kidogo, maana huyo mtu mwingine ni mimi, ingawa nilimsomea vizuri sana, kwa sauti.

Nikamwambia binti yangu kwamba nitasema ukweli. Akapauka. "Mama, niliweka saini. Siku ya kwanza kabisa, karatasi tatu. Ukisema, mimi nimekwisha." Hajawahi kulia mbele yangu tangu akiwa darasa la pili.

Kwa hiyo mshauri niko katikati kama kitambaa kati ya sindano na meza. Nikisema, mwanangu anapoteza kazi ambayo mtaa mzima unajua nilivyoitangaza. Nisiposema, mwalimu asiye na kosa anakabidhi ufunguo Jumamosi, na rafiki yangu anarudi kwenye miwani.

Na kuna mambo mengine nayauliza tu, kwa sababu sipati usingizi wa kutosha na akili inazunguka. Rafiki yangu alikuwa anatembea barabarani, na barabara ni ya watu wote. Kama ningekuwa nimekaa kibarazani mkabala na ule mlango nikamwona kwa macho yangu haya, ningekuwa nimekosa? Sasa macho ya kamera yana tofauti gani na yangu? Na kama mwanangu aliweza kuangalia Jumanne nne bila mtu kumuuliza, ni mtoto wa nani mwingine anaangalia, na anamwangalia nani? Nani anamtazama yule anayetazama? Wiki hii nimepita kwenye nguzo yangu ya kona nikafungua mwavuli, na jua wala mvua havikuwepo. Sijui nilikuwa namficha nani.

Nijibu kabla ya Jumamosi. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Mama Kamera, jina nisilolipenda tena.


MSHAURI ANAJIBU

Mama Kamera, nilitafuta kiti kama ulivyosema, na nilipofika kwenye makofi nikasimama. Jibu hili nakusomea kwa simu leo, kwa sababu Jumamosi haingoji gazeti.

Nianze na swali lako la barabara, maana ni swali zuri kuliko unavyodhani, na watu waliosoma sana wanagombana juu yake. Ungekuwa umekaa kibarazani, rafiki yako angekuona. Angeweza kukusalimia, kubadilisha njia, au kukudanganya kidogo kama watu wazima wanavyodanganyana kwa heshima. Kwenye nguzo hakuwa na nafasi hiyo. Halafu mtu wa kibarazani anaona mara moja, chai inaletwa, anasahau. Jumanne ile ya kwanza watu mia walimwona mwanamke mwenye mfuko. Hakuna hata mmoja aliyeona Jumanne nne. Zile Jumanne zilikuwa vipande vipande kila kimoja mahali pake, binti yako ndiye aliyeviunga, na wewe ndiye uliyeagiza mshono.

Sina ugomvi na kamera. Nina baba mzee naye, na siku akitoka na pajama nitamshukuru yeyote atakayemwona. Lakini niambie, ule mkasi wako wa kitambaa, nani nyumbani kwako anaruhusiwa kukatia karatasi? Ninavyowajua mafundi, hata mume hathubutu. Mkasi ni mzuri kwa sababu una kazi moja. Serikali ilimpa binti yako macho kwa ajili ya mwizi, ajali na mzee aliyepotea. Uliyachukua ukakatia karatasi.

Nani anamtazama anayetazama? Hapo sikudanganyi, sijui, chumba kile sijawahi kufunguliwa mlango. Ila swali ulilompa mwavuli wako lipe mdomo. Muulize binti yako: je, kuna kitabu kinachoandika nani ameangalia nini, na kwa sababu gani? Nani anakisoma? Kwa nini picha zikae siku thelathini na si tatu? Kama kitabu kipo na hakuna aliyemuuliza binti yako kuhusu Jumanne nne, basi kipo cha kupamba meza. Diwani wenu ana mikutano. Wewe una sauti nzuri, umesema mwenyewe. Simama siku hiyo, hapo ndipo makofi yanapohitajika.

Sasa nikugombeze, na unisikilize vizuri. Kwenye barua yako umeandika habari ya daftari lako la vipimo kwa majivuno, halafu ukaendelea na mambo mengine kama vile hukuandika kitu. Miaka ishirini na sita hujatoa kiuno cha mtu. Bwana mwenye bega lililoanguka anatembea mjini amenyooka kwa sababu wewe umenyamaza. Hukuhitaji sheria wala mtu wa kukusainisha karatasi tatu. Ulielewa kwamba aliyevua koti mbele yako hajavua mbele ya mtaa. Basi lile la mlango wa kijani lilikuwa kipimo, mama. Lilipaswa kuingia kwenye droo. Hukulifungia kwa sababu ulidhani siri ni aibu tu, na wewe uliona ni sifa. Mtu ana haki ya kuficha hata jambo zuri mpaka siku atakayochagua mwenyewe kulitoa.

Na lile la "watu wa huko huko" ndilo kosa kubwa kuliko kamera. Kamera haikumtaja mwalimu. Ulimtaja wewe kwa maneno manne, halafu ukampa rafiki yako leso.

Fanya hivi. Leo, si kesho, nenda dukani kwa rafiki yako saa ya kufunga. Usibebe zawadi, usibebe chai. Mwambie umelijuaje, mwanzo mpaka mwisho, kwamba ulimwomba binti yako na kwamba alikukatalia kwanza. Kwamba ulikusudia kumsifu, liseme mara moja tu na uliache, analijua. Akikufukuza, ondoka, na kesho urudi umuulize jambo moja: anataka kamati iambiwe nini na isiambiwe nini. Hilo aamue yeye.

Jumamosi utasimama mbele ya kamati useme neno lilitoka kwako, hukulipata kwa mwalimu wala kwa mwanafunzi yeyote. Mwalimu awepo akusikie. Wakikuuliza ulilipata wapi, usitunge. Sema linajibiwa mahali pengine.

Mahali hapo pengine ni kwa msimamizi wa binti yako, na aende mwenyewe, kabla ya Jumamosi, kwa miguu yake. Si wewe umpeleke, si wewe umwombee. Anaweza kuhamishwa, anaweza kufukuzwa, sitakupaka mafuta. Lakini atakayekwenda kusema mwenyewe anasikilizwa tofauti na atakayefuatwa, na mtu aliyekataa mara ya kwanza anajua tayari kazi yake ilikuwa nini. Alihitaji mama mmoja tu wa kumwacha aifanye. Kuanzia leo usimuulize tena amemwona nani. Hata habari ya kandambili. Ukivaa za rangi mbili, utazivaa hivyo hivyo mpaka nyumbani kama sisi wengine.

Mwisho, na hili nimeliweka nyuma kwa sababu ndilo lililonikaa. Rafiki yako hakwenda darasani kujifunza herufi. Alikuwa anajenga mlango, awe na chumba kimoja duniani ambacho hupiti wewe kwanza, hata kwa sauti nzuri. Kwa hiyo akikusamehe, na nadhani siku moja atakusamehe, mtakuwa mmekaa na chai, simu yake italia. Atachelewa. Atainamia kioo, atasogeza midomo, utaona anakosea. Utaona mkono wako mwenyewe unataka kwenda. Ukalie.


Wasomaji wangu, barua hii imechapwa wiki nyingi baada ya kuandikwa, kwa ruhusa ya wote wanaohusika. Mlango si wa kijani na siku si Jumanne. Mwalimu bado ana ufunguo. Ya binti, yeye mwenyewe ameomba yasiandikwe, na hayataandikwa. Rafiki alipelekewa barua na jibu kabla ya mtu mwingine yeyote hapa gazetini kuviona. Alivisoma siku tano, peke yake, duka likiwa limefungwa, akavirudisha vikiwa vimekatwa mistari mitatu kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa yake.